Sauti Nyembamba ya Lutufyo

Namba zilipanda, zikashuka kidogo, kisha zikasimama kwenye elfu tatu.

Atupokile aliondoa mkono wake juu ya deki ya kaseti akasubiri. Mashine kuukuu hutulia kwa muda mfupi, halafu fundi akishapumua huanza kuyumba. Alihesabu kimoyomoyo hadi sitini. Namba nyekundu za kipimo hazikwenda popote. Siku nyingine yoyote angefurahi. Leo alitamani zingekosea.

"Imekuwaje, mama?" aliuliza Elina, mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyeketi kwenye kigoda upande wa pili wa meza.

"Deki iko sawa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwa mashine ni vizuri. Kwako wewe sijui."

Atupokile alitoa kaseti ya kupimia, akaishika kwa kingo zake kama kipande cha kioo, akamwonyesha. "Hii ina mlio mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Mitetemo elfu tatu kila sekunde. Deki ikizunguka sawasawa, kipimo kinasoma elfu tatu. Ikienda mbio namba zinapanda, ikivuta miguu zinashuka. Yangu haiendi mbio. Kwa hiyo ile sauti nyembamba mliyoisikia kule Masoko haikuharibiwa na redio ya jirani. Ndiyo iliyomo kwenye kaseti yako."

Elina alitazama vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai, weusi ambao sabuni imeshakata tamaa nao. "Basi shangazi alisema kweli," alisema. "Siyo baba."

"Sijasema hivyo. Nimesema deki yangu ni nzima."

Nje ya kibanda, ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeteremka kutoka mlimani hadi kwenye mabati ya soko la Tukuyu, na wauza ndizi walikuwa wamejifunika vitenge hadi masikioni. Atupokile alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika studio ndogo ya injili iliyokuwa ikirekodi kwaya za wilaya nzima, na kazi yake haikuwa kuimba wala kurekodi, ilikuwa kupima. Kila asubuhi, kabla mtu hajasogelea kipaza sauti, yeye alisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, akapima mwendo, akapima mtikisiko, akaandika kwenye daftari. Studio ilipofungwa, mashine ziligawiwa huku na kule. Yeye alikabidhiwa kipimo, kaseti ya kupimia na deki moja ambayo hakuna aliyeitaka. Tangu hapo aliishi kwa kubadilisha matundu ya chaji za simu na kuunga nyaya za redio za sola. Sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kufa. Mwaka huu alikuwa ameanza kuwaza kukiweka kipimo kwenye boksi, kwa sababu kilichukua nafasi na hakuna aliyekuwa na kitu cha kupimwa.

Ndipo Elina alipoingia na kaseti aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Mama yake, Sekela, alikuwa mchuma chai katika shamba moja njia ya Kyimo, na alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Wiki moja kabla alimkabidhi binti yake lile kopo. Ndani, alisema, kuna sauti ya baba yako. Baba huyo aliitwa Lutufyo, dereva wa trekta wa shamba lile lile, mwenyeji wa Masoko. Aliirekodi kaseti kama barua ya kumpelekea dada yake, Esnath, kumwambia kwamba amepata mtoto. Kabla hajampata mtu wa kuibeba, trekta lilimpindukia kwenye mteremko. Elina alikuwa na miezi miwili. Sekela alikwenda msibani na mtoto mgongoni, akakaa siku mbili, hakuulizwa kitu naye hakusema kitu, akarudi kwenye kambi ya wachuma chai. Aliogopa kwamba akifungua mdomo ataambiwa anatafuta shamba la marehemu. Baadaye woga ukawa mazoea.

Wakati wa Pasaka Elina aliipeleka kaseti Masoko. Walipata redio kaseti kwa jirani, wakaibonyeza. Maneno yalisikika kama yanatoka chini ya blanketi, na sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka haraka, kama ya mvulana wa shule. Bi Esnath alisikiliza sentensi mbili tatu, akanyanyua mkono. Hakufoka. Alisema sauti ya mdogo wake ilikuwa nzito, kila mtu Masoko anajua ilikuwa nzito, na kwamba aliyemtuma binti huyu pamoja na kijana wa kuigiza sauti, Mungu atamsamehe.

"Sitaki shamba lao," Elina alikuwa amesema alipokuwa akieleza haya. "Kule kambini tukijazishwa fomu yoyote, pale penye ukoo naandika wa mama. Nataka siku moja nijue kama nimeandika kweli au nimejaza tu."

Sasa Atupokile aliiweka kaseti ya Elina ndani ya deki. Alichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akaigusa skrubu inayolaza kichwa cha kusomea. Vichwa vya mashine mbili havilali sawa kamwe. Kilichorekodiwa na kichwa kilichopinda hivi, ukikisoma na kilichopinda vile, sauti inavaa blanketi. Alizungusha robo ya robo. Blanketi likaanza kutoka. Herufi za *s* zikarudi, zikafuata za *sh*, na mwishowe wakasikia hata kiti kikilia.

"…nisikilize haraka, dada, redio yenyewe ya kuazima na betri zake zimechoka…"

Atupokile alisimamisha. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena kwa sikio la kushoto.

"Betri zimechoka," alisema polepole.

"Ndiyo, anasema hivyo."

"Binti, mashine ya kusomea tumeipima. Ile iliyorekodi hatujaipima. Betri zikichoka mota inavuta miguu. Utepe unapita polepole wakati wa kurekodi. Halafu ukiusoma kwenye mashine nzima kama hii yangu, unapita kwa kasi yake ya kawaida. Basi kila kilichomo kinakimbia na kuwa chembamba."

Elina alisimama. "Basi ipunguze. Ipunguze hadi iwe nzito."

"Hadi iwe nzito kiasi gani?"

"Nzito kama walivyosema."

Atupokile alitikisa kichwa. "Nikifuata masikio yako nitakutengenezea baba. Naweza kumfanya awe mzito utakavyo, na bibi yule ataniuliza nilijuaje pa kuishia, nami sitakuwa na jibu. Ile redio iko wapi?"

"Ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe alishahama siku nyingi."

Atupokile aliiweka bisibisi mezani. Kupima mashine isiyokuwepo, iliyofanya kazi alasiri moja miaka thelathini na moja iliyopita! Atupokile alimfikiria Mzee Nsajigwa, mkuu wake wa studio, aliyempokea akiwa binti wa miaka ishirini na mbili asiyejua waya wenye umeme na usio nao. Mzee huyo aliwahi kumrudisha mara sita apime kitu kimoja. Hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa akiuliza swali lile lile kila mara: *Ndani ya hiki ulichonacho, kipi unakijua kwa hakika?*

Aliibonyeza kaseti tena, wakasikiliza hadi mwisho. Dakika tisa na nusu. Atupokile hakuyafuatilia maneno. Aliyaacha yapite kwa Elina, aliyekuwa amejifunika uso kwa upande wa kitenge. Yeye alisikiliza nyuma ya maneno. Palikuwa na kuku. Palikuwa na mtu akichota maji. Na kwenye dakika ya sita kitu kiligongwa mara tatu kwa mbali, chuma kirefu chenye mwangwi, na sauti ya mtu ikasema, "Umesikia, kwaya wanaitwa."

"Hicho ni nini?" Atupokile aliuliza.

"Ile ni kengele ya kanisa la kambini. Lakini siyo kengele hasa, ni rimu ya lori. Imetundikwa kwenye nguzo."

"Ipo bado?"

"Nilizaliwa nikaikuta, na jana jioni wameigonga."

Atupokile alicheka, kicheko kidogo ambacho yeye mwenyewe hakukitarajia. Chuma hakizeeki sauti, hakishiki mafua, wala hakimjui Lutufyo.

*

Alhamisi walikwenda kambini kwa bodaboda mbili. Mvua nyepesi ilikuwa imepita na vichaka vya chai vilikuwa vinang'aa hadi kwenye ukingo wa msitu. Mzee wa kanisa, Ackson, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua la manjano, aliwapokea uwanjani. Alisikiliza shida yao huku amekunja mikono, kisha akaenda mwenyewe kuleta nondo ya kugongea.

"Rimu hii nilishiriki kuipandisha mwaka themanini na sita," alisema. "Mwaka juzi tuliipaka rangi. Zaidi ya hapo hakuna aliyeigusa."

"Rangi haina neno. Igonge kama unavyowaita kwaya."

"Watakuja kweli."

"Waje, tutawaomba radhi."

Ackson aligonga mara tatu. Atupokile alikuwa ameinyanyua simu yake, yenye programu ya kupima milio ambayo alikuwa ameilinganisha na kipimo chake usiku uliopita ili asije akadanganywa na simu. Namba ilisimama: mia sita na sitini. Akaomba mara tatu nyingine. Mia sita na sitini. Aliandika kwenye daftari. Kwenye kaseti, mlio huo huo ulikuwa umesoma mia saba na arobaini.

Elina alikuwa akimtazama usoni. "Tayari?"

"Bado. Je, kama siyo rimu hii? Kama kulikuwa na nyingine ndogo yenye mlio wa juu?"

Ackson aliudhika kidogo. "Mama fundi, nimekwambia mwaka themanini na sita."

"Nakuamini, baba. Lakini bibi wa Masoko hajakusikia." Alimwonyesha simu. "Chuma kama hiki hakina mlio mmoja. Juu ya ule mkubwa kuna mwingine mwembamba, na kila chuma kina mpangilio wake, kama alama za kidole. Hapa mkubwa ni mia sita na sitini, ule mwembamba ni elfu moja mia nne hamsini na mbili. Gawanya." Alichora hesabu kwenye daftari juu ya goti. "Mbili nukta mbili. Sasa kwenye kaseti: mia saba na arobaini, na juu yake elfu moja mia sita ishirini na nane."

Ackson aliinama, akagawanya kimoyomoyo huku midomo yake ikitembea. Alichelewa kidogo, lakini alifika. "Mbili nukta mbili," alisema. Koti lake la manjano lilimgusa Elina begani. "Binti wa Sekela, ni rimu yetu."

Watu wanne wa kwaya walikuwa wamekuja kweli, wamesimama na vitabu vyao. Hakuna aliyewafukuza. Mmoja wao, mama mnene mwenye parachichi ndani ya kikapu, alimpa Atupokile matatu bila kuulizwa sababu, akisema tu kwamba mgeni haondoki mikono mitupu.

*

Siku iliyofuata Atupokile alifunga mlango wa kibanda nusu na kuigeuza deki mgongo juu. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu ya mwendo. Kwa maisha yake yote ya kazi ameigusa skrubu hiyo kwa sababu moja tu: kuirudisha mashine kwenye elfu tatu. Sasa alikuwa na hesabu yake kwenye daftari, ameirudia mara nne. Elfu tatu mara mia sita na sitini, gawanya kwa mia saba na arobaini. Elfu mbili mia sita sabini na sita.

Alikaa na bisibisi mkononi. Ilikuwa kama kuombwa aiharibu mashine kwa makusudi. Halafu akawaza kwamba siku ile ya kurekodi mashine haikuwa nzima, na kwamba hakuna njia ya kumfikia Lutufyo isipokuwa kwa kuchoka pamoja naye, kiasi kile kile alichochoka yeye.

Alizungusha. Namba zilishuka: elfu mbili mia tisa, mia nane, mia saba. Alipunguza mkono. Zikasimama kwenye 2,676, zikacheza juu moja na chini moja, zikatulia.

Hakuicheza kaseti. Alitaka sana, lakini hakuicheza. Kama angesikia sauti na kuipenda au kutoipenda, mkono wake ungeweza kurudi kwenye skrubu. Aliifunika deki kwa kanga. Akabaki ameketi, na shukrani ikampanda kifuani ghafla, bila mpangilio: kwa Mzee Nsajigwa aliyelala makaburini Kisondela, kwa mara zile sita, kwa daftari, hata kwa kipimo alichokuwa karibu kukitia kwenye boksi. Alikuwa amefikiri kwamba alichojifunza kimekufa kabla yake. Kumbe kilikuwa kinamngoja mtu mmoja, naye amekuja na kopo la maziwa. "*Ndaga, Kyala*," alisema kwa lugha ya nyumbani. Asante, Mungu. Kisha akaenda kumtafuta dereva wa bodaboda anayejua kubeba vitu vya kuvunjika.

*

Bi Esnath wa Masoko alikuwa na miaka sabini na minane na mgongo ulionyooka. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, migomba imeisogelea hadi dirishani, na mbele ya baraza kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya turubai la bluu. Aliwakaribisha viti kwa sababu mgeni ni mgeni, akaitikia salamu ya Elina bila kumtazama sana.

"Nilishasikia kaseti hii," alisema.

"Najua, mama," alisema Atupokile. "Sikuja kukubishia. Uliyosikia uliyasikia sawa. Sauti ilikuwa nyembamba. Nimekuja kukuonyesha kitu kingine kwanza, siyo sauti ya mtu."

Hilo lilimfanya bibi kizee ageuke.

Atupokile alichomeka deki kwenye umeme, akaweka kaseti ya kupimia, akamwonyesha namba. Akaeleza kuhusu betri. Halafu akatoa simu akamsikilizisha rimu aliyoirekodi siku ya Alhamisi kambini. Nyuma yake alisikika Ackson akikohoa.

"Hiyo ni rimu ya kanisa la pale alipokuwa akifanya kazi mdogo wako. Wewe uliwahi kufika?"

"Mara mbili. Nilipeleka ndizi." Bi Esnath aliinamisha kichwa. "Naam, wanagonga hivyo."

"Sasa rimu iliyomo kwenye kaseti, kwa mwendo ule uliousikia Pasaka." Aliipata kwenye simu, alikoihifadhi kabla hajagusa skrubu. Ikalia, nyembamba, kama sufuria.

"Hiyo siyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe, mama. Imekuwa nyembamba pamoja na mtu wako. Na hii hapa ni kwa mwendo nilioupima." Alibonyeza deki kwenye dakika ya sita na kuiachia igonge mara tatu tu, akasimamisha kabla ya neno lolote. Kisha simu tena. Kisha deki. Zililingana kiasi kwamba kuku mmoja aliyekuwa chini ya baraza alitazama huku na huku.

Bi Esnath aliitazama deki. Vidole vyake vilikuwa vinasugua upindo wa kitenge. "Rimu haiwezi kuigiza," alisema mwishowe.

"Haiwezi."

"Na hiyo mashine, umeisogeza hadi pale rimu ilipotaka. Siyo huyu binti alipotaka."

"Hata mimi sijaisikia sauti yenyewe kwa mwendo huu. Tutaisikia pamoja. Kama siyo yeye, tutajua siyo yeye, na Elina amekubali hivyo."

Elina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, chini kuliko viti.

Atupokile alirudisha utepe mwanzo akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo wa chumba. Halafu kitu kilichokuwa kama mkwaruzo tu kwenye redio ya jirani, ambacho sasa kilikuwa mtu akisafisha koo, mara mbili, polepole, kwa kifua kizima. Mkono wa Bi Esnath uliacha kusugua.

"Dada Esnath, ugonile," ilisema sauti nzito, isiyo na haraka. "Ni mimi Lutufyo. Ningeandika barua, lakini mwandiko wangu unaujua, ungempa mchungaji kazi. Nisikilize haraka, dada, redio yenyewe ya kuazima na betri zake zimechoka…"

Bibi kizee alikuwa amefumba macho. Atupokile alinyoosha mkono kuzima, lakini alizuiwa kwa ishara ya kidole kimoja.

"…Nina mtoto. Wa kike. Mama yake anaitwa Sekela, anachuma hapa shambani. Sikukuambia kwa sababu nauogopa mdomo wako, na wewe unajua nauogopa." Rimu ikagongwa. "Umesikia, kwaya wanaitwa. Basi, nimetuma salamu kupitia dereva mmoja kwamba Jumamosi nakuja na mgeni. Mgeni ndiye huyo mtoto. Utanigombeza mimi baadaye, tukiwa wawili. Yeye mpokee tu."

Iliendelea kidogo, habari za mbolea na za mwana wa jirani, kisha ikakatika katikati ya neno, na utepe ukabaki ukizunguka mtupu.

Bi Esnath alifumbua macho. Hakulia. Alizungumza akitazama migomba.

"Alikuwa akisafisha koo hivyo tangu ana miaka kumi, akiwa na jambo la kusema. Mama yetu alikuwa akimwambia, sema basi, umeshaua watu kwa kungoja." Alinyoosha upindo wa kitenge. "Dereva alileta salamu. Jumatano. Kwamba Jumamosi Lutufyo anakuja na mgeni. Nilitwanga mpunga, nikatandika kitanda cha chumbani. Alhamisi wakaniletea habari ya trekta. Miaka thelathini na moja najiuliza mgeni alikuwa nani. Niliuliza wenzake wote. Hakuna aliyejua."

Atupokile aliusimamisha utepe.

"Msibani," aliendelea, na sasa alikuwa akimtazama Elina kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma, "kulikuwa na msichana mwenye mtoto mgongoni. Alikaa karibu na mlango wa jikoni. Nilidhani ni mke wa mmoja wa wale madereva. Asubuhi ya pili nilimpelekea uji, akaupokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu. Mimi nikaitwa na wanaume, nikaondoka."

"Alikuwa mama," alisema Elina.

"Uji nilimpa," Bi Esnath alirudia, kama anayejiuliza. "Namshukuru Mungu, angalau uji nilimpa."

Alinyanyuka, akasogea kwenye deki, akaweka kiganja juu ya mfuniko wake wenye joto. Kisha akamgeukia Atupokile. "Fundi, *ndaga fijo*. Mimi nilimfukuza hapa mlangoni, wewe umempimia njia. Sijui kukushukuru kwa neno kubwa zaidi ya hilo."

"Hata mimi nashukuru, mama," alisema Atupokile, akaanza kukunja waya wa umeme ambao ulikuwa bado umechomekwa.

Upepo uligeuka. Ulileta harufu ya udongo uliolowa kutoka upande wa ziwa, na matone ya kwanza yakapiga migomba, makubwa, yaliyoachana. Bi Esnath aligeuka mara moja, sauti yake ikabadilika kabisa.

"Wewe, umekaa tu na kahawa inalowa? Shika upande ule."

Elina aliruka kutoka kwenye ngazi. Hakuuliza upande upi. Alishika pembe mbili za turubai, bibi kizee akashika mbili za upande wa pili, wakainua kwa pamoja, na kahawa yote ikaporomoka kuelekea katikati kwa kelele kama ya mvua nyingine. Halafu, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito na turubai lilikuwa pana, ikabidi wafuatane nao, hatua kwa hatua, kila mmoja akimsogelea mwenzake.